Wifi yetu ya kartie, kweli watatuzimia?

SWALI: Aksanti kwa kazi munafanyaka. Mimi niko Nguba, hapa Bukavu, tuko nyumba 14 tunachangaka forfe moja ya intaneti, antena ya 5 GHz iko juu ya bati kwangu inapiga mpaka mulima wa Kadutu kwa ndugu zetu. Juzi jamaa moja wa kampuni ya simu akaniambia frekansi za wifi zitauzwa kwa watu wa 5G na sisi watatuzimia. Ni kweli? Papa wa Nguba

JIBU: Papa, antena yako haitazimwa kesho, juu ile 5 GHz yako siyo yenye wanagombania. Kampuni za simu na watu wa wifi wanagombania chumba cha jirani, 6 GHz, na hapo jamaa ana ukweli kidogo.

Fungua simu yako saa moja ya jioni ukiwa Kadutu uangalie majina ya wifi vile yanapangana. Ile frekansi ingine ya wifi, 2.4 GHz, inaanza 2400 inaishia 2483.5 MHz (GHz moja ni MHz 1000), ndani yake chaneli, ni kusema njia ndogo, zenye hazigusane ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11, njo maana video inakwama hata kama mega umelipa. Kwa hiyo wifi inatafuta nafasi juu. Marekani mwaka 2020 walifungulia wifi 6 GHz yote, kutoka 5925 mpaka 7125 MHz. Lakini kwa eneo letu, Afrika pamoja na Ulaya, mukutano wa dunia wa mawimbi kule Dubai mwaka 2023 uliweka 6425 mpaka 7125 kwa rezo za simu. Haiko amri ya kufukuza wifi, kila serikali inachagua yenyewe, ila Papa unajua vile parseli zinauzwaka huku kwetu, wanakata moja, wanakata ingine, siku nyumba inawaka moto hakuna njia ya kupitisha gari la maji. Frekansi ni vilevile, ikisha kupewa kampuni kwa miaka mingi kuirudisha ni vita.

Mimi sikatae 5G. Ninakataa wauze mpaka kabarabara ka mwisho ka wote.

Kipande cha chini cha ile 6 GHz, 5925 mpaka 6425, Afrika Kusini waliachia wifi mwaka 2023. Kenya tangu 2021 wako na leseni ya mitandao ya jamii kama yenu. Na sisi tuombe hayo mawili kwa ARPTC, wenye wanasimamiaka simu na mawimbi huku Congo, tena kabla ya mukutano mwingine wa mawimbi wa 2027 kule Shanghai, juu njo huko nchi zinapelekaka misimamo yake.

Na wewe angalia kwako: frekansi ya wazi haiseme hakuna sheria, nguvu ya antena iko na kipimo, na kuchanga na majirani siyo sawa na kuuzisha mega, kwa kuuzisha lazima ruhusa. Andika kwa karatasi nyumba ngapi, watoto wangapi wanasomea hapo, antena iko wapi na inapiga wapi. Tuletee, tutaiambatanisha na barua ya ARPTC.