Maswali yenu: metani ya Ziwa Kivu, 890 ao 802?

SWALI: Kaka, jambo sana. Niko mwanafunzi wa shimi, mwaka wa mwisho, hapa Kadutu, Bukavu. Mwalimu alitupatia tuhesabie antalpi ya kuunguza metani, ile gazi iko ndani ya Ziwa Kivu. Mimi nikapata −890, mwenzangu −802, na wote tulifwata tablo. Nani yuko na haki? Na hii antalpi ni joto ao ni kitu ingine?

JIBU: Mudogo wangu, wote wawili muko na haki, shida ni kwamba hakuna mwenye aliandika kama maji yenye inatokea pale iko ya kumwangika ao iko mvuke.

Chukua CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O. Tablo ya antalpi ya kuunda (ile ya kutengeneza moli moja ya kitu kutoka elementi zake) ku 25°C, kilojuli kwa moli, inakupatia metani −74,8, CO₂ −393,5, maji ya kumwangika −285,8, na oksijeni zero. Unajumlisha vyenye vimetokea, unatosha vyenye viliingia: −393,5 + 2(−285,8) − (−74,8) = −890,3. Ile minus mbili ya mwisho uiangalie sana, pale njo wengi wanapotezaka pointi ku egzeta! Mwenzako aliweka mvuke, −241,8, njo akafika −802,3. Hizo 88 za katikati ni joto ya kugeuza moli mbili za maji kuwa mvuke, 44 kila moli.

Antalpi yenyewe si joto. H = U + PV (H ni antalpi, U ni nguvu ya ndani ya kitu, P ni presio, V ni volime), ni mali ya kitu vile kiko, na hatupimake H yote, tunapima tu vile imebadilika. Presio ikibaki ileile, kama sufuria wazi jikoni, mabadiliko ya H inakuwa sawasawa na joto yenye iliingia ao ilitoka, na minus inasema ilitoka.

Sasa jaribu na maji ya chai. Huku kwetu juu, karibu mita 1.460 kando ya ziwa, maji inachemka karibu 95°C. Litre moja kutoka 20°C: gramu 1000 × 4,18 (juli za kupandisha gramu moja ya maji digri moja) × digri 75, ni kilojuli 313,5. Jikoni mvuke ya moto inaenda na hewa, kwa hiyo gawanya na 802 usigawanye na 890, unapata moli 0,39, na moli moja ya metani ni gramu 16, kwa hiyo karibu gramu 6,3 za metani, na kwa kweli itaomba zaidi juu moto inapasha sufuria na hewa pia.