Taichi kwa Mwenye Moyo Uliochoka: Anza na Kiti

"Pumzika, usijichoshe." Mgonjwa wa moyo analisikia neno hili kutwa, kwa mke, kwa watoto, hata kwa jirani aliyekuja kumjulia hali. Siku za mwanzo, miguu ikiwa imevimba na pumzi ikikatika hata kitandani, ni neno sahihi. Shida ni pale linapoendelea miezi sita baada ya maji kutoka mwilini na dawa kukaa sawa. Msuli wa paja usiotumika husinyaa, na uliosinyaa hautumii vizuri hata ile hewa safi inayoletwa na damu. Ndiyo maana mtu anahema kwa ngazi tano tu wakati vipimo vya moyo ni vilevile vya mwezi uliopita. Sehemu ya uchovu huo iko miguuni, na miguu inafundishika.

Taichi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, yamejaribiwa kwa wagonjwa wa aina hii. Utafiti mmoja wa Boston, Marekani, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusisha wagonjwa 100 ambao moyo wao ulipungukiwa nguvu ya kusukuma damu. Kundi moja lilifanya taichi saa nzima, mara 2 kwa wiki, kwa wiki 12. Lingine likapewa masomo ya afya. Umbali waliotembea kwa dakika 6 haukutofautiana kati ya makundi hayo. Waliofanya taichi walipata nafuu katika maisha ya kila siku, wakachangamka, na wakajiamini zaidi kwamba wanaweza kufanya mazoezi. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba taichi itaurudisha moyo uliopanuka anakuuzia maneno, na vidonge vyako usiviache.

Kabla ya yote, daktari wako akubali. Anayehema akiwa amekaa tu, mwenye maumivu mapya ya kifua, mwenye mlango wa moyo uliobana sana, au mwenye mapigo yanayoenda ovyo bila kudhibitiwa, huyo asubiri.

Kisha mizani. Jipime kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, ukiwa na nguo zilezile, na uandike. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo si mafuta ya chapati, ni maji. Siku hiyo hakuna mazoezi. Piga simu kliniki. Vivyo hivyo ukiona alama ya soksi imezama kuliko jana, au usiku umelazimika kuongeza mto.

Saa ya mazoezi ipangwe kwa kufuata kidonge cha kutoa maji mwilini. Kidonge hicho, mfano furosemide, hukukimbiza chooni zaidi katika saa mbili za kwanza. Ukianza hapo utakatiza kila dakika, na presha nayo inaweza kuwa chini. Aliyemeza saa 12 asubuhi aanze kama saa 3. Pwani, ambako joto la mchana linakausha mtu, saa 11 jioni ni bora zaidi. Tumbo lisiwe limetoka kupokea ugali: acha saa moja na nusu ipite. Kiu ikija, na umewekewa kiwango cha maji, sukutua tu au unywe mafunda mawili kutoka kwenye chupa yako ya siku. Mafunda hayo yanahesabiwa, kama chai na supu zinavyohesabiwa.

Kiti kiwe cha mbao, chenye mgongo, kisichoyumba, kimeegemezwa ukutani. Kochi linakuzamisha; kiti cha plastiki kwenye vigae kinateleza. Kandambili nazo ziache mlangoni, vaa viatu vilivyofunga.

Kaa, nyayo zote zikiwa sakafuni, kiganja kimoja kiweke juu ya kitovu. Vuta hewa puani ukihesabu hadi 4, itoe kwa midomo iliyobanwa kidogo, kama unapuliza chai ya moto, ukihesabu hadi 6. Hizo ni sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika. Utafiti uliotoka mwaka 1998 ulionyesha kwamba mwendo huu wa pumzi huongeza oksijeni katika damu ya wagonjwa hawa. Kiganja cha tumbo ndicho kisogee, mabega yatulie. Wengi hukosea kwa kuvuta hewa nyingi mno, na baada ya dakika moja vidole vinachonyota na kichwa kinazunguka. Hesabu iwe ndefu lakini pumzi iwe ndogo. Usiibane hata kidogo: kubana pumzi hupandisha presha ghafla kifuani, kama anayejikamua chooni. Kama 4 na 6 zinakubana, anza na 3 na 4. Dakika 2 zinatosha siku ya kwanza.

Ukiwa bado umekaa, inua mikono mbele polepole hadi usawa wa mabega ukivuta pumzi, ishushe ukiitoa. Mara 6. Usivuke mabega, mikono ikifanya kazi juu ya kichwa inahemesha kuliko miguu. Aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo hivi karibuni asiinue mkono wa upande huo hadi aruhusiwe.

Wiki mbili za kwanza ni hayo tu: dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni, kitini. Kwenye simu kuna video ambamo mtu anachuchumaa hadi paja linalala sawa na sakafu. Wamezitengeneza kwa ajili ya vijana wenye magoti mapya, si wewe.

Kusimama ndiko kwenye utamu, na ndiko watu wanakoanguka. Dawa za presha na moyo hufanya damu ichelewe kupanda kichwani, hivyo kaa ukingoni mwa kiti, chezesha vifundo vya miguu mara 10, simama, hesabu hadi 20 kabla ya kufanya lolote. Sogea nyuma ya kiti, shika mgongo wake. Miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yalegee kidogo tu. Sasa hamisha uzito wote kwenda mguu wa kulia kwa hesabu ya 5, kama unamimina maji kutoka ndoo moja kwenda nyingine. Utajuaje umemimina yote? Kisigino cha kushoto kitainuka bila mwili kutikisika. Kikitikisika, bado umeacha maji huko. Rudi kushoto. Mara 5 kila upande. Goti lisiangukie ndani, lifuate uelekeo wa vidole vya mguu, na macho yatazame mbele, kwa kuwa anayetazama chini huyumba.

Kipimo cha nguvu usikichukue kwenye saa ya mkononi. Dawa za moyo kama carvedilol na bisoprolol huzuia mapigo yasipande, kwa hiyo unaweza kuwa umechoka kabisa na saa ikasema 80. Jaribu salamu: "Shikamoo mama, umeamkaje, na watoto hawajambo?" Ikitoka yote kwa pumzi moja, endelea. Ukilazimika kuvuta hewa katikati, punguza. Wataalamu wa mazoezi hutumia kipimo cha uchovu cha 6 (huchoki kabisa) hadi 20 (huwezi kuendelea), na eneo lako ni 11 hadi 13.

Maumivu ya kifua, mapigo kurukaruka, kutaka kuzimia: acha hapohapo na ukae. Hali isipotulia ndani ya dakika chache, ni hospitali.

Ongeza dakika 2 au 3 kwa wiki, hadi ufike 30. Ukiugua siku tatu, urudi nyuma hatua mbili.

Usikatishe ghafla. Miguu ikisimama kusukuma, damu hubaki huko chini na kizunguzungu huja dakika ileile unayodhani umemaliza. Tumia dakika 5 kupunguza mwendo, kisha kaa (usilale chali) na urudie pumzi za mwanzo. Andika pembeni ya uzito wa leo: dakika ngapi, uchovu namba ngapi. Daftari hilo liende nawe kliniki pamoja na boksi za dawa.