Kozi za Bure Zimenipandisha, Jirani wa Meza Akabaki Palepale

Juzi kijana mmoja ameniandikia: "Kaka, nimemaliza kozi za bure mtandaoni, vyeti ninavyo, mbona mshahara haupandi?"

Mdogo wangu, mimi mwenyewe ni zao la elimu ya bure. Kebo ya SEACOM, ile ya intaneti inayopita chini ya bahari, ilitua Dar es Salaam 2009, na chuo cha MIT cha Marekani kilishaanza kuweka masomo yake mtandaoni bila malipo tangu 2002. Nilikesha na bando la usiku nikijifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, watu wamelala. Najisifu, ndiyo. Nimeyatolea jasho.

Ofisini nilikaa meza moja na dada aliyekuwa akihamisha miamala ya benki kwenda Excel: karatasi kushoto, rula chini ya mstari asiruke tarakimu. Nikaandika programu iliyosoma mafaili ya benki yenyewe. Kazi yake ya wiki nzima ikaisha kabla chai haijapoa. Mshahara wangu ukapanda. Wake haukuguswa, na mkataba ulipoisha hakuongezewa. Wachumi Jonas Hjort na Jonas Poulsen, katika utafiti wao wa 2019 kuhusu kebo hizi Afrika, walikuta ajira zimeongezeka, ila zaidi kwenye kazi za ujuzi. Mimi sikushangaa.

Baadaye nikapata kazi ya kampuni ya Ulaya. Mwenzangu alikuwa Berlin, tunashika faili moja, makosa yake nayasahihisha mimi. Siku moja akanitumia ankara yake niige namna ya kujaza. Malipo yake ya saa moja yalikuwa yangu ya siku nzima! Nilipouliza, nikaambiwa wanalipa kufuatana na gharama za maisha za mji wa mtu. Mpaka leo inaniuma. Laptopu yangu niliinunua kwa bei ya mji gani?

Kwa hiyo acha kuhesabu vyeti, wenye navyo mko wengi. Weka kazi yako GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha programu, ionekane. Mkifika kwenye malipo, zungumzia kazi, mji wako wautaje wao. Kazi ionekane, narudia.

Na ninyi mliokwisha kupanda, punguzeni uchoyo. Kabla programu yako haijaanza kutumika, mwelekeze anayeifanya kazi hiyo kwa mkono. Tena rekodini masomo kwa Kiswahili. Yule dada aliishia kidato cha nne, anajua hesabu kuliko mimi, na zile video za Kiingereza za kozi za bure alizifunga hata utangulizi haujaisha.