Germasogeia au Amathounta? Anwani yako haijakosewa

Ndugu, umeuliza kwa nini mkataba wako wa pango unasema Germasogeia, eneo la wilaya ya Limassol huko Kupro, ilhali bili imeandikwa Manispaa ya Amathounta. Usihangaike, zote ni sahihi.

Tarehe 1 Julai 2024 Kupro iliunganisha serikali zake za mitaa, manispaa zikapungua kutoka 30 hadi 20. Germasogeia iliungana na jirani zake wa pwani, kama Agios Tychonas, ikawa sehemu ya Amathounta. Jina la zamani limebaki la mtaa, nami nafurahi halikufutwa.

Mambo ya maji, majitaka na vibali vya ujenzi usipeleke manispaa. Yamehamia shirika la wilaya nzima ya Limassol. Kwenye fomu andika majina yote mawili.