Disleksia na ufundi wa umeme

Mzazi akiuliza kama kijana wake mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, aache wazo la shahada ya uhandisi na aingie uanagenzi wa ufundi umeme ili aepuke vitabu, jibu langu ni hili: ndiyo, anaweza kuwa fundi umeme hodari, lakini si kweli kwamba uanagenzi utamwepusha na kusoma. Ninafundisha ufundi huu karakanani, na ninaona kwamba kufunga nyaya, kupinda mabomba na kutafuta hitilafu kwa mita havimsumbui mwanafunzi wa aina hii, ilhali kinachomkwamisha ni mtihani wa nadharia na kitabu cha kanuni chenye majedwali marefu, ambamo jicho likiruka mstari mmoja tu, anachagua waya wenye unene usiofaa. Disleksia hugusa namna ubongo unavyounganisha sauti na herufi, wala si kipimo cha akili, kwa hiyo hata shahada ya uhandisi isifutwe mapema.

Kabla ya kumwandikisha, ulizeni chuo kinatahini nadharia kwa njia gani, na kama kinaruhusu muda wa ziada, msomaji wa maswali au mtihani wa mdomo. Mara nyingi nafuu hizo hutolewa kwa ripoti ya mtaalamu aliyempima, na kwa kuwa ripoti huchelewa, anzeni kuitafuta sasa.

Ikiwa pia hugeuza tarakimu, akaandika 52 badala ya 25, mwalimu wake aambiwe tangu siku ya kwanza, maana katika umeme kosa hilo ni la hatari. Kuweka rula chini ya mstari wa jedwali na kutamka kipimo kwa sauti kabla ya kukata waya humsaidia sana.