Usijaze gesi ya AC tena kabla ya kutafuta inapovujia

Mkuu, umesema Toyota IST yako imejazwa gesi mara tatu tangu Januari na kila mara baridi inakata baada ya wiki chache. Ya nne usijaze. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Mfumo umefungwa, ikipungua haraka hivyo ujue inavuja.

Anza na macho. Fungua boneti, mulika tochi kwenye maungio ya mabomba, mbele ya kompresa (pampu ya gesi) na kwenye kondensa (ile kama rejeta ya AC, mbele ya gari). Gesi hutoka na oili, kwa hiyo penye tundu vumbi hugandia na kufanya doa jeusi lenye mafuta. Pitisha kidole. Kwenye gari langu tundu nililipata hivyo, kwenye valvu ya kujazia yenyewe, chini ya kile kifuniko cha plastiki.

Usipoona kitu, fundi avute gesi iliyobaki kwa mashine, aweke naitrojeni kwa presha ya kama psi 150, apake povu la sabuni kila ungio. Povu likivimba, ndipo hapo. Akija na mtungi wa oksijeni, mkatalie kabisa! Oksijeni yenye presha ikikutana na oili inaweza kulipuka. Nje kukiwa salama na geji ya presha bado inashuka, shuku evapareta (kipozea hewa kilicho ndani ya dashibodi), na hapo dashibodi itafunguliwa.

Akishatengeneza, aweke oringi (mipira ya duara ya maungio) mpya, avute vakyumu, yaani atoe hewa yote kwa pampu, nusu saa au zaidi, afunge geji na kusubiri. Mshale ukipanda, bado kunavuja. Gesi ya R134a aipime kwa mizani, gramu zilizoandikwa kwenye stika ya boneti.