Usizibe pengo la saa 60 kwenye logibuku, daftari la rubani la saa alizoruka, kabla ya usaili wa urubani. Mimi niliziba.

Mleta mada, sitaanza na salamu wala pongezi za kuitwa kwenye usaili, kwa sababu nimesoma ujumbe wako mara tatu na kila nikifika kwenye ile sentensi ya mwisho mkono unanitetemeka. Umeuliza uvae nini, maswali ya ufundi yanakuwaje na mtihani wa simuleta, ile mashine inayoigiza ndege, ukoje, kisha ukamalizia, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa tangazo linataka saa 500 nawe una 440, na kwamba kuna kapteni amekushauri uzibe pengo kwenye logibuku kwa kuwa siku hiyo hakuna atakayekaa kuhesabu. Watahesabu. Mimi walinihesabia mbele ya macho yangu.

Wakati huo nilikuwa naendesha ndege ndogo ya Cessna Caravan kutoka Dar es Salaam. Kwa wasioijua kazi hiyo, ni Zanzibar asubuhi, Zanzibar tena, kisha Zanzibar nyingine, kila mkondo dakika ishirini hivi hewani, kiasi kwamba siku ya safari nane, yenye jasho hadi kwenye soksi, inakuachia saa mbili na dakika arobaini tu za kuandika. Nilipokuwa mgeni kazini nilikaa kiti cha kulia kwa miezi kadhaa. Caravan ni ndege iliyothibitishwa kuendeshwa na rubani mmoja, kwa hiyo anayekaa kulia hawezi kujiandikia saa za rubani kiongozi kwa sababu tu alishika usukani, na hata za rubani msaidizi anazipata pale tu mwongozo wa uendeshaji ulioidhinishwa na mamlaka unapotaka marubani wawili kwenye safari ile. Hilo nilifundishwa chuoni, nikalifanyia mtihani na kulifaulu.

Kisha likatoka tangazo la shirika lenye ATR, ndege za abiria zilizo kubwa kuliko Caravan, likitaka saa 300 za rubani kiongozi. Nilikuwa na 238. Kapteni mmoja pale kazini, mtu mzima ambaye sote tulimwita kaka na ambaye nilimheshimu kuliko nilivyoheshimu sheria, akanivuta pembeni na kuniambia maneno ambayo hadi leo nayasikia: "Mdogo wangu, karatasi haina mdomo." Akanionyesha na namna ya kufanya, yaani nihamishe saa za kiti cha kulia kwenda safu ya rubani kiongozi, anayekaa kushoto, kidogo kidogo, na zitakazobaki nizitandaze kama safari fupi katika miezi yenye shughuli nyingi. Nilikaa na kalamu usiku mmoja nyumbani. Saa hamsini na kitu nilizihamisha, na zilizobaki nikazizalisha mwenyewe kwa safari tisa ambazo hazikuwahi kutokea. Nilibadilisha hata kalamu ili wino usifanane. Nilijiona fundi.

Siku ya usaili walikuwa watatu mezani. Wawili waliniuliza mambo niliyoyakariri, nami nikayamwaga kama kasuku. Wa tatu alikuwa mama mmoja, kapteni wa siku nyingi, mwenye miwani iliyoshuka hadi nchani mwa pua, ambaye kwa dakika ishirini hakusema neno. Alikuwa anapekua logibuku yangu akiwa na rula, akiishusha mstari mmoja baada ya mwingine. Kisha rula ikasimama. Mazungumzo yote yalikuwa kwa Kiingereza, lakini hapo mama akahamia Kiswahili, na Mtanzania yeyote anajua kuwa mkubwa akihamia Kiswahili katikati ya usaili, mambo yameharibika.

"Mwanangu, hapa Seronera ulitua 16:25?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Hizi ni saa za Zulu?"

Nikasema ndiyo, tena kwa kujiamini, kwa sababu logibuku huandikwa kwa saa za Zulu, yaani saa moja inayotumiwa na marubani dunia nzima, na nilidhani ananipima kama nalijua hilo.

"Yaani saa moja na dakika ishirini na tano usiku. Kiwanja cha changarawe, katikati ya Serengeti. Alikuwashia taa nani, fisi?"

Wale wawili walicheka. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya na uso wangu.

Kosa lilikuwa la kijinga kweli. Sisi wa huku tunaishi na saa tatu: ya Zulu kwenye makaratasi, ya ukutani iliyo mbele yake kwa saa tatu, na ya Kiswahili inayoanza kuhesabu asubuhi. Safari za kweli nilikuwa nanakili kutoka kwenye kitabu cha ndege, hivyo hazikunichanganya hata mara moja. Zile za kubuni nilizitunga mezani, nikijiona kichwani nikitua Seronera saa kumi na dakika ishirini na tano jioni, jua likiwa juu na twiga wakinitazama, nikaandika 16:25 kwenye safu ya Zulu bila kutoa zile saa tatu. Rubani aliyeruka kweli hakosei hivyo kwa safari tisa mfululizo. Mama alizipata zote tisa kabla sijafikisha glasi ya maji mdomoni.

Na usijiambie kuwa wewe utakuwa makini na saa za Zulu. Kila safari ya kweli inaacha alama mahali pengi: kitabu cha ndege chenye saa na hitilafu, orodha ya abiria na mizigo, risiti ya mafuta, ada ya kutua, kumbukumbu za waongoza ndege. Safari ya uongo ina alama moja tu, nayo ni mwandiko wako. Kumbuka pia kuwa wasaili walizidi kuwa wakali baada ya mambo ya Pakistan mwaka 2020, pale waziri alipotangaza bungeni kuwa marubani 262 walikuwa na leseni zenye mashaka, na Ulaya ikalizuia shirika lao la taifa hadi mwishoni mwa 2024. Baadhi ya wale marubani walisafishwa baadaye, lakini mashaka yalishaenea kwa kila mtu anayebeba logibuku, mimi na wewe tukiwamo.

Waliifunga logibuku yangu na kunishukuru kwa muda wangu. Hakuna aliyenifokea, na ningependa wangefoka. Kughushi saa ni kosa ambalo mamlaka ya usafiri wa anga inaweza kukusimamishia au kukufutia leseni, kwa hiyo niliishi wiki mbili nikishtuka kila simu ikiita, hadi nikaenda mwenyewe kwa rubani mkuu wa kampuni yetu kumweleza. Hakunifukuza. Alinipa adhabu ya kulinganisha logibuku nzima na vitabu vya ndege, safari kwa safari, jioni baada ya kazi, na hiyo kazi ilinichukua miezi minne. Unajua nilichogundua? Nilikuwa na saa kumi na moja halali za kiti cha kushoto ambazo nilisahau kuziandika. Mtu niliyekuwa namwibia nilikuwa mimi mwenyewe.

Ilipita miaka miwili na miezi minne kabla shirika lingine halijaniita. Yule kaka wa "karatasi haina mdomo", nilipomsimulia yaliyonikuta, aliniuliza tu kwa nini sikuangalia saa ya kuzama kwa jua. Siku hizi nasikia anafundisha marubani vijana. Sitamtaja, lakini ukiambiwa neno lile na mtu mwenye mistari minne begani na sauti ya upole, kimbia.

Kwa hiyo kabla hujafungua kitabu chochote cha maswali, kaa na logibuku yako. Jumlisha kila safu upya kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa. Ukikuta kosa, likate kwa mstari mmoja unaosomeka, andika lililo sahihi na uweke saini na tarehe. Usipake wino mweupe, kwa sababu wino mweupe ndio wa kwanza kukwanguliwa kwa kucha. Kisha shika kila ukurasa ujiulize: nikiulizwa siku hii, nitasimulia nini? Usiende na ukurasa usioweza kuusimulia.

Usaili wangu wa pili karibu wote ulitoka humo. Waliuliza kwa nini Aprili ilikuwa na saa sita tu. Nikasema masika, kambi nyingi zimefungwa, ndege imekaa. Wakaweka kidole kwenye safari iliyotoka Arusha na kurudi Arusha baada ya dakika thelathini na tano. Nikawaeleza jinsi mawingu yalivyokuwa yamelalia nyanda za juu za Ngorongoro, nikageuza nikiwa na abiria tisa, mmoja wao akinipigia kelele kuwa amelipia kifungua kinywa porini. Kutoka hapo wakaniuliza kiwanja kilicho zaidi ya futi 5,000 juu ya usawa wa bahari kinaifanya nini ndege mchana wa joto, na injini inafikia kikomo kipi kwanza. Hayo ndiyo maswali ya ufundi uliyoyauliza. Niliyajibu kwa sababu nilikuwa nimeyaishi, si kwa kukariri.

Na hizo saa 60? Waandikie leo kuwa una 440 na uulize kama bado wanataka kukuona. Wakikataa, utakuwa umekataliwa ukiwa na leseni mkononi, na saa 60 za kuruka unazipata kwa miezi michache ya Zanzibar. Mavazi ni suti yoyote safi. Sijasikia mtu aliyenyimwa kiti kwa sababu ya tai.

Kama una wasiwasi na ukurasa wowote, weka hapa jumla za safu zako leo usiku, bila jina wala namba ya leseni. Nitakaa nazo na kikokotoo. Rula ninayo, niliinunua wiki ileile.